Kilichoingia Kwenye Maji Matupu

Ulimwona. Usijitie hamnazo. Jumatatu ile, saa nne na dakika chache, mtunza samaki alishuka ngazi za jengo la sayansi ameshika mabuti yake ya mpira ndani ya mfuko wa plastiki, mlinzi akimfuata nyuma kama anayesindikiza mwizi wa kuku, nawe ulikuwa hapo hapo kwenye ngazi. Ukainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Wenzako hawakukuzidi kwa haya. Mmoja alipokea simu ambayo haikulia. Mwingine alisoma tangazo la mwaka juzi kwa makini ya mtu anayesomewa wosia. Jengo zima limejaa watu wenye shahada za kutazama vitu visivyoonekana kwa macho, na siku ile hakuna hata mmoja aliyemwona mwanamume wa kilo tisini.

Basi soma. Kuna mtu mmoja aliyetazama, na hii ndiyo siku aliyotazama.

Mtu huyo ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, aliyetumikia polisi kwa miaka ishirini na miwili, kisha akaajiriwa na chuo kuchunguza mashauri ya nidhamu. Cheo alikiacha huko, jina likamfuata; kila mtu alimwita Inspekta. Alhamisi, saa mbili kasorobo asubuhi, aliingia jengo la sayansi na jalada lenye karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mtunza samaki, ajulikanaye kama Mjomba Ndoo, amesimamishwa kazi kwa kunywa spiriti ya maabara, na kwa kuharibu jaribio kwa kumwaga spiriti hiyo kwenye kisahani kilichotakiwa kuwa na maji matupu. Ya pili ilisema kamati ya watu saba itakaa siku hiyo hiyo saa nane mchana, na Inspekta asipokuwa na la kupinga, Mjomba Ndoo atafukuzwa. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa.

Ushahidi wa kwamba amekunywa ulikuwa mstari mmoja: "Inafahamika kwamba zamani alikuwa mlevi." Inspekta aliuzungushia duara kwa kalamu ya risasi. Neno hilo lilimkera tangu alipokuwa kuruta. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumkamata mtu aitwaye Inafahamika akamketisha kitini amhoji.

Na jengo lile lina mazoea yake. Mwaka ilipopotea pampu ya hewa, alipekuliwa Mjomba Ndoo. Pampu ikaonekana nyuma ya mlango wa mkuu wa idara, na samahani haikutoka kinywani mwa mtu. Mwaka chumba cha chini kilipojaa maji, aliulizwa Mjomba Ndoo kwa nini hakufunga bomba, na wiki hiyo alikuwa likizo akimzika mama yake. Jengo limesahau. Kurasa hizi hazijasahau.

Kwenye benchi nje ya mlango wa maabara alikaa mwanamke mnene, kikapu miguuni, anafuma kitambaa cha mezani kwa kroshia. Alijitambulisha kabla ya kuulizwa: mke wa mshtakiwa, mwaka wa thelathini na moja wa ndoa, na habanduki hapo mpaka mumewe arudishiwe ndoo zake.

Inspekta aliketi karibu naye. "Dada, nikuulize bila kuzunguka. Mzee anakunywa?"

"Alikuwa anakunywa. Tena alikuwa anakunywa kama anayeshindana na mtu. Akaacha. Huu mwaka wa tisa."

"Umejuaje kwamba ameacha kweli?"

Mwanamke aliweka kroshia mapajani. "Kila jioni akifika mlangoni, kabla ya salamu, ananipulizia hapa." Akagusa ncha ya pua yake. "Ndiyo makubaliano yetu. Miaka tisa sijakosa hata siku moja, hata nilipokuwa na mafua."

"Ukiwa na mafua unanusaje?"

"Nilimwita dada yake aninusie. Na wifi yangu hana huruma, heri mimi."

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: pua, miaka tisa, shahidi wa ziada, wifi. Alikuwa amewahi kufikisha kesi mahakamani akiwa na ushahidi mwepesi kuliko huo.

Kisha mke wa Mjomba Ndoo akafunua kikapu na kutoa chupa ya jemu iliyojaa maji. Ndani, visamaki vyembamba kama kope vilikuwa vinaogelea kwa mishtuko midogo, kila kimoja kimesimamishwa na macho yake mawili meusi. Alieleza kwamba sheria ya maabara inataka mayai yaliyobaki yamwagwe kwenye sinki, na mumewe tangu aanze kazi hajaweza kumwaga hata moja. Huyaleta nyumbani. Huchemsha yai la kuku, akachukua kiini, akakichuja kwa kitambaa, akawalisha kwa ncha ya kijiti. Mkewe alisema yeye mwenyewe hajapata kulishwa kwa uangalifu wa namna ile, hata kwenye fungate.

Kwenye chupa palikuwa na kibandiko chenye mwandiko mdogo ulioinama: tarehe ya Jumanne ya wiki iliyopita, tangi namba tatu, na neno "masalia". Jumanne hiyo ndiyo siku ya jaribio lililoharibika. Inspekta aliomba kuiazima chupa. Akakubaliwa kwa sharti kwamba itarudi na idadi ile ile. Walikuwa arobaini na mmoja, wamehesabiwa.

Mwandiko ulikuwa wa mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akifanya jaribio, binti mrefu ambaye kila mtu alimwita Miwani kwa sababu iliyoonekana tangu mlangoni. Alimwamkia Inspekta, akauona mkono wake umeshika nini, akaanza kulia kabla ya kuulizwa swali. Inspekta alimpa kiti, akamwambia kwamba yeye hajui samaki zaidi ya yule aliye kwenye sahani ya chakula, hivyo aelezwe kama anavyoelezwa mtoto wa shule.

Miwani alieleza, na kadiri alivyoeleza machozi yakakauka, kwa maana alikuwa akiipenda kazi yake. Samaki milia ni samaki wa urefu wa kidole, mwenye mistari ya buluu ubavuni. Jioni Mjomba Ndoo huwatenga dume na jike kwa kipande cha plastiki ndani ya tangi moja. Asubuhi taa zikiwaka anaking'oa, na katika nusu saa mayai yanadondoka chini kupita kwenye wavu. Anayachota kwa chujio la chai, anayasuuza, anamkabidhi Miwani. Kazi yake inaishia hapo. Miwani huchagua mayai mazuri na kuyagawa kwenye visahani vitano vya plastiki, mayai thelathini kila kimoja, na yanayobaki hutiwa kwenye chupa ya masalia. Saa saba mchana, viinitete, yaani viumbe vinavyoumbika ndani ya mayai, vinapoanza kujipanga, huku kichwa, huku mkia, anavitia pombe. Kisahani cha kwanza hakipati kitu, ni maji matupu. Cha pili nusu asilimia, cha tatu moja, cha nne moja na nusu, cha tano mbili. Vinalala kwenye kabati la joto mpaka kesho yake asubuhi, vinasafishwa, na siku ya tatu vinahesabiwa: vipi vimeumbika sawa, vipi vimeharibika.

Akamweka Inspekta kwenye hadubini na kumwekea tone kutoka kwenye chupa ya jemu. Inspekta aliyekuwa amezoea kutazama watu waliokufa akajikuta anatazama mtu aliye hai, kwani hakupata neno jingine. Kiumbe kile kilikuwa kama kioo. Uti wa mgongo ulionekana, damu ilionekana ikikimbizana, na kifuani moyo mdogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii ulikuwa unadunda bila kumjali mtu. Alikaa pale muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji.

"Sasa hiki," alisema Miwani, akabadilisha.

Hiki kilikuwa kimehifadhiwa kwenye dawa. Macho yake yalisogeleana mbele mpaka yakakaribia kugusana, kana kwamba uso ulikosa nafasi ya katikati. Mkia ulikuwa mfupi, umepinda. Pale moyo ulipotakiwa kuwa palikuwa na kifuko kilichovimba maji.

Inspekta aliuliza hiki kilipewa pombe kiasi gani.

"Hiki kimetoka kwenye maji matupu, mama. Ndiyo kesi yenyewe."

Akaongeza, bila kuombwa, kwa nini jambo hilo lilimnyima usingizi. Mwanamke anapogundua ana mimba, kazi ya kupanga kichwa na macho na moyo mara nyingi imeshaanza zamani. Samaki huifanya kazi hiyo kwa siku moja, tena mbele ya macho yako, na ndiyo maana wanaulizwa wao. Lakini kama walio kwenye maji matupu nao wameharibika, hakuna wa kumlinganisha na mwenzake, na jaribio haliwezi kusema lolote kuhusu pombe.

Inspekta aliomba kuona hesabu zote, za mwaka jana na za sasa. Mwaka jana, katika kila thelathini, walioharibika walikuwa mmoja kwenye maji matupu, kisha watatu, tisa, kumi na tisa, ishirini na saba. Safari hii walikuwa saba, wanane, tisa, kumi na mmoja, kumi na watatu. Barua ya mashtaka ilitaja namba moja tu, ile saba ya kwanza. Watu wakishapata wa kumtwisha zigo hawaendelei kusoma.

"Mwanangu," alisema Inspekta, kidole kwenye karatasi, "mtu akimwaga spiriti kwenye maji matupu, hii saba naielewa. Hii ya mwisho je? Ilitakiwa ishirini na saba, imetoka kumi na tatu. Huku nani alipunguza pombe?"

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikiri kwamba hawakuiangalia. Waliona kwenye maji matupu kumeharibika, wakasimama hapo.

"Na labda vibandiko vilibadilishana?" aliuliza Inspekta.

"Vingebadilishana, ile ishirini na saba ingeonekana kwenye kisahani kingine. Haipo popote."

"Haipo popote," alikubali Inspekta, na akaanza kutabasamu. "Na ya katikati haijasogea. Tisa mwaka jana, tisa sasa. Huyu mhalifu wetu anamnyang'anya mwenye nyingi anampa asiye nayo, mpaka wakaribie kulingana. Kuna mtu wa tabia hiyo humu ndani?"

Miwani alifikiri kwa uaminifu, kisha akasema hapana, jengo hili hakuna.

Palibaki suala la spiriti iliyopungua, kwa kuwa barua ilidai chupa imeshuka vidole vitatu bila maelezo. Inspekta aliishika, akaitazama dhidi ya mwanga, kisha akatazama kikopo cha pamba pembeni ya hadubini. Akauliza lenzi zinasafishwa kwa kitu gani. Miwani alijibu zinasafishwa kwa spiriti. Akauliza na meza je. Meza pia. Na wino wa vibandiko vya zamani unafutwa kwa kitu gani. Kwa spiriti hiyo hiyo, alisema Miwani, akijifuta machozi kwa pamba. Na hayo yote yanaandikwa wapi? Hayaandikwi popote, linaloandikwa ni jaribio tu. Inspekta alikata kwa mstari maneno "vidole vitatu" kwenye barua, akamwambia asilie tena, pamba zitaisha.

Walipofungua kabati la joto, Miwani alikumbuka jambo. Jumanne ile alivipanga visahani mstari mmoja, kwenye rafu ya chini, akaenda kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hakurudi. Asubuhi ya pili alivikuta viwili viwili, kimoja pembeni. Alimwambia katibu wa kamati, na katibu akaandika kwamba Mjomba Ndoo ndiye mwenye tabia ya kusogeza vitu ili apanguse.

"Mjomba aliulizwa?"

Hakuulizwa.

Inspekta alipiga magoti, mafupa yakalia, akatazama rafu kwa ubavu. Mvuke wa muda mrefu ulikuwa umeacha utando mweupe wa chumvi ya maji kwenye bati lote, isipokuwa sehemu moja ya mstatili ambapo utando ulisuguliwa ukaondoka. Pembe za mstatili zilikuwa za mviringo. Aliupima kwa mkono: shubiri moja na vidole vinne, kwa shubiri moja. Hakuna kisahani cha ukubwa ule mle ndani. Kwenye pembe moja palikuwa na kitu kilichokauka kama gundi. Akakikwangua kwa ukucha, akakisugua, akakionja kwa ncha ya ulimi, na Miwani akafumba macho kwa hofu ya kisayansi.

"Unga wa ngano," alisema Inspekta. "Kwenye mayai yenu mnatia unga?"

Ukuta wa maabara ulikuwa unapakana na maktaba. Mkutubi, mwanamke nadhifu ambaye pia alikuwa mjumbe wa ile kamati ya saba, alimpokea Inspekta kwa minong'ono ingawa hapakuwa na msomaji hata mmoja. Ndiyo, alikuwa amelalamika kuhusu harufu ya spiriti iliyokuwa ikipenya dirishani kila siku ya jaribio, mpaka wasomaji wakawa wanasinzia, ingawa alikubali kwamba wengine walisinzia tangu zamani. Jumanne ya wiki iliyopita, saa saba na robo, alikwenda mwenyewe kwa Profesa, mkuu wa maabara. Profesa ni muungwana. Alilishughulikia hapo hapo. Mchana ule na usiku wake harufu haikusikika kabisa.

Inspekta alisimama kati ya rafu za vitabu akilichezea jambo hilo kichwani. Visahani ni vile vile vitano, pombe ni ile ile, dirisha ni lile lile. Harufu haiachi kazi kwa kuombwa. Kama haikutoka nje, basi kuna mtu aliifungia mahali.

Profesa alikuwa ofisini kwake anamenya chungwa. Alikuwa mtu mwembamba, mchangamfu, anayekumbuka majina ya samaki wa mwaka wa kwanza wa kazi yake na kusahau ya wajukuu zake. Ndiye aliyetia saini barua ya mashtaka, na alisema kwa huzuni ya kweli kwamba alimpenda sana Mjomba Ndoo, lakini sayansi ni sayansi.

Inspekta alivuta kiti. "Profesa, nyumbani kwako unga wa ngano mnauweka kwenye nini?"

"Kwenye kontena la plastiki. Lina vifungo vinne, halipitishi hata sisimizi. Kwa nini?"

"Liko wapi leo?"

"Nyumbani. Nilishalirudisha, maana mke wangu alikuwa amenikalia kooni, alitaka kujua nani kamwaga unga wake kwenye..."

Kipande cha chungwa kilibaki njiani kati ya mkono na mdomo.

Inspekta hakumsaidia. Alikuwa amejifunza kwamba baadhi ya watu ukiwaacha kimya hufika wenyewe, tena kwa kasi kuliko ukiwasukuma.

"Mkutubi alikuja," alisema Profesa polepole. "Nikaenda nyumbani, ni hapo ng'ambo ya uwanja. Nikachukua kontena. Vyote vitano nikavitia humo, nikabana vifungo, nikarudisha kabatini. Alfajiri nikavitoa, nikavipanga. Vifuniko vyake huwa vimelegezwa, ili viinitete vipumue."

"Kwa hiyo vilikuwa vinapumua kitu kimoja, vyote vitano."

"Pombe hupanda kama mvuke," alisema Profesa, sasa akijieleza mwenyewe. "Huacha maji yenye nyingi, hushukia maji yasiyo nayo. Mpaka yakaribie kulingana." Akaweka chungwa mezani. "Nimefundisha jambo hili miaka ishirini."

Inspekta alimsogezea daftari la maabara. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa umejaa: joto mpaka nukta ya pili, kila tone la pombe, muda wa kila tangi, hata aina ya plastiki ya visahani. Kontena halikuwepo.

"Hukuliandika."

"Halikuwa sehemu ya jaribio, Inspekta. Lilikuwa adabu kwa jirani."

Hapo ndipo Inspekta alipoielewa kesi nzima. Mwizi angeandika kitu cha kujifichia, na mvivu angesahau vingi. Ni watu kama hawa tu, wanaopima ulimwengu kwa matone, ndio wangeweza kuamini kwamba ulimwengu una upande wa jaribio na upande wa adabu, na kwamba vitu huvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine pale tu vinaporuhusiwa. Na kitu kilipovuka bila ruhusa, akatafutwa mtu mwenye ndoo.

Profesa alijaribu kidogo kujitetea. Alisema hiyo bado ni dhana, haijathibitishwa. Inspekta alikubali kwa furaha na kumwomba ampigie simu mkewe.

Sauti ya mke wa Profesa ilisikika mpaka kwenye benchi la nje. Alitaka kujua kilo nne za unga azimimine wapi, mfukoni? Saa nne na nusu alifika mwenyewe, kontena kwapani, kwa kuwa safari hii hakutaka limtoke mkononi. Inspekta alimimina spiriti kwenye kisahani kimoja na maji safi kwenye kingine, akalegeza vifuniko, akavitia vyote ndani, wakabana vifungo vinne na kulirudisha kontena kwenye kabati la joto. Mke wa Mjomba Ndoo aliwekwa mlangoni kulinda, na mke wa Profesa akakataa kuacha chombo chake bila msimamizi. Ilipofika saa sita wanawake wale wawili walikuwa wanafundishana kroshia na kuwasema waume zao kwa zamu.

Saa nane kamili kamati iliketi. Mjomba Ndoo aliingizwa akasimama mwisho wa meza, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka yote anapoitwa. Inspekta hakuhutubia. Aliweka chupa ya jemu katikati ya meza, akasema: mayai ya asubuhi ile ile, tangi lile lile, maji yale yale, yametoka kwenye mikono ya mtu huyu, na wote arobaini na mmoja wana macho mawili pahali pake. Kilichoharibika kiliharibika baada ya mikono yake. Kisha akasoma zile namba tano, za mwaka jana na za sasa, taratibu, mara mbili.

Halafu akaomba shahidi. Mke wa Mjomba Ndoo alifungwa macho kwa leso yake mwenyewe. Mbele yake vikawekwa visahani vitatu vya maji: viwili vya bombani, na kimoja kilichotoka ndani ya kontena, ambacho Inspekta alikuwa amekipepea kwanza dirishani ili hewa iliyokifuata iondoke. Mama aliinama kwenye cha kwanza, akapita. Akainama kwenye cha pili, akasimama.

"Hiki," alisema. "Hiki kingekuja mlangoni kwangu jioni, kingelala nje."

Kisahani kilipitishwa mezani. Wajumbe saba walinusa mmoja mmoja, na wote saba wakavuta kichwa nyuma. Kile kisichotiwa kitu kilikuwa kinanuka spiriti.

Profesa alisimama bila kuitwa. Alisema ni yeye aliyefunga vile visahani, kwa mikono yake, na kwamba barua aliyoitia saini ilikuwa na jina la mtu asiyehusika. Lilikuwa jambo la kiungwana kusema, na kwa haki yake liandikwe kwamba alilisema kwa sauti ya kusikika.

Chumba kilichangamka. Mtu alicheka, mtu akagonga meza. Mwenyekiti, aliyefarijika kuliko wote, alitangaza kwamba basi ilikuwa hitilafu ya kiufundi, haina mwenyewe, wanaweza kuendelea na ajenda ya pili. Suala la barua ya kusimamishwa kazi litapitiwa kikao kijacho, baada ya miezi mitatu. Akamuuliza Mjomba Ndoo, kwa ukarimu, kama ana la kusema.

"Miaka kumi na tisa," alisema Mjomba Ndoo, "leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa."

Inspekta hakukaa. Alisema barua iliyomchafua ilikuwa na jina, imebandikwa getini. Itakayomsafisha itakuwa na jina, na itabandikwa pale pale, leo. Alikuwa ameshaiandika. Kwa kanuni za kamati inahitaji saini za wajumbe wanne kati ya saba. Akaiweka mezani na kalamu juu yake.

Mkutubi alisaini wa kwanza, akisema pua yake ndiyo iliyoanzisha balaa lote. Mwalimu wa hesabu akasaini wa pili, bado anazirudia zile namba kwa furaha. Muuguzi wa zahanati ya chuo akasaini wa tatu, akiwa ameshikilia chupa ya jemu kwa mkono mwingine.

Karatasi imesogezwa. Imefika kwa mjumbe wa nne, na mjumbe wa nne ameanza kutazama dari, kana kwamba kanuni zimeandikwa huko. Mwenyekiti anakohoa. Ajenda ya pili inasubiri. Mwanamume amesimama mwisho wa meza na kazi yake yote iko kwenye upana wa mstari mmoja usio na kitu.

Mjumbe wa nne ni wewe. Acha dari. Miezi mitatu si yako ya kumpa mtu mwingine aisubiri. Shika kalamu, andika jina lako lote, lisomeke, sasa hivi, akiwa anakutazama.